Kwa unayeandaa maombi ya bei ya maji kwa mara ya kwanza: anza na dira za maji, shilingi zitafuata

Umeajiriwa mamlaka ya maji, umepangiwa fedha au biashara, na sasa umeingizwa kwenye timu ya kuandaa maombi ya kurekebisha bei. Karibu kila timu huanza kwa kufungua kompyuta na kuorodhesha gharama: umeme umepanda, dawa zimepanda, mafuta ya magari yamepanda, basi na bei ya maji ipande. Hiyo orodha iweke pembeni kwanza. Kwa Tanzania Bara maombi yanakwenda EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na wachambuzi wa pale wanapokea hesabu za mamlaka nchi nzima. Bei ya klorini wanaijua. Wasichokijua, na ambacho ni wewe tu wa kuwaeleza, ni maji yako yanakwenda wapi. Maombi mengi hukatwa kwenye uniti (mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000) kabla hayajafika kwenye shilingi.

Mipaka kidogo kabla hatujaendelea. Yaliyomo humu yanahusu mamlaka za mijini za Tanzania Bara. Zanzibar mdhibiti ni ZURA. Vyombo vya watumiaji maji vijijini vilivyo chini ya RUWASA vina njia yao. Jirani zetu wa Kenya wanapeleka kwa WASREB chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na wao wana kipimo kilichonyooka kuhusu upotevu, yaani sehemu ya maji yaliyozalishwa ambayo haikuuzwa: chini ya 20% ni vizuri, 20 hadi 25% inakubalika, zaidi ya 25% haikubaliki. Hata kama hauko Kenya, ziweke hizo namba kichwani, kwa sababu mteja mwenye simu atakuja nazo mkutanoni.

Maji uliyozalisha ni kiasi gani kweli?

Swali hili linaonekana la kitoto hadi uende kwenye kisima. Visima vingi havina dira kubwa kwenye bomba la kutokea, au dira ipo na imesimama. Anachofanya fundi wa pampu ni kuzidisha saa za kuendesha kwa namba iliyoandikwa kwenye kibao cha pampu. Pampu ya mita za ujazo 90 kwa saa, ikiendeshwa saa 16, inaandikwa uniti 1,440 kwa siku. Lakini kile kibao kinaeleza pampu mpya, kwenye kimo ilichotengenezewa. Baada ya miaka kadhaa ya kuvuta mchanga, panga zimelika, na kina cha maji kisimani kimeshuka.

Kuna kipimo kisichohitaji fedha. Pampu ikiwa inajaza tanki, funga valvu ya kutokea, pima kimo cha maji, subiri saa moja, pima tena. Tanki la duara lenye kipenyo cha mita 12 lina eneo la mita za mraba 113.1. Maji yakipanda sentimita 62 kwa saa, umepata mita za ujazo 70, sio 90. Rudia mara tatu, siku tofauti, na andika saa, jina la aliyepima na hali ya umeme, maana volti ikishuka pampu nayo inashuka. Kipimo hiki hufanywa usiku wa manane ili wateja wasikose maji.

Matokeo yake yanashangaza watu wa fedha. Kama uzalishaji ulikuwa unaandikwa juu kuliko uhalisia, basi na upotevu wa maji ulikuwa unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kuna mamlaka zinazojishitaki zenyewe kwa mdhibiti kwa sababu ya kibao cha pampu. Kinyume chake kipo pia: dira kubwa iliyofungwa karibu mno na kona ya bomba au valvu husoma vibaya, kwa sababu maji yanaipitia yakiwa yanazunguka. Soma maelekezo ya mtengenezaji kuhusu urefu wa bomba lililonyooka kabla na baada ya dira, kisha nenda na futi ukapime.

Ukishapata namba unayoiamini, iangalie dhidi ya ile ambayo mamlaka imekuwa ikiituma kila mwezi kwenye MajIs, mfumo wa EWURA wa taarifa za maji, na dhidi ya hesabu zilizokaguliwa na CAG. Zikitofautiana, usiifiche tofauti. Andika ukurasa mmoja unaoeleza imetoka wapi. Mchambuzi akiigundua mwenyewe, ataanza kuitilia shaka kila namba nyingine uliyoweka, hata zile zilizo sahihi.

Maji uliyoyauza

Upande wa mauzo, anza kwa kutoa kwenye mfumo wa ankara orodha ya kila mteja, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 24 ikiwezekana, isipungue 12. Tafuta vitu vitatu: wateja wenye sifuri, wateja wenye usomaji unaofanana miezi mitatu mfululizo, na wateja waliokadiriwa.

Sifuri ya mwezi mmoja ni safari. Sifuri ya miezi sita kwenye nyumba yenye watu ni dira iliyokufa, bomba la wizi, au msoma dira anayeandikia chini ya mwembe. Usomaji unaofanana, mathalani uniti 8, 8, 8, ni makadirio hata kama mfumo umeandika kuwa dira ilisomwa. Hesabu hao ni asilimia ngapi ya wateja wote na uweke hiyo asilimia kwenye maombi.

Halafu kuna dira zenyewe. Dira ya mitambo ikizeeka haiachi kusoma ghafla. Huanza kutoyaona maji yanayopita polepole. Na kwetu maji mengi yanapita polepole kwa sababu ya matanki ya plastiki juu ya mapaa. Boya likikaribia kufunga, maji yanaingia kwa kudondoka, na dira ya miaka kumi na miwili haina habari. Usiku kucha tanki linajaa na mshale haujatikisika. Chukua sampuli ya dira, tuseme 60, zilizogawanywa kwa umri na kwa mtaa, uzipime kwa mtiririko mkubwa na mdogo. Viwango vya kimataifa vinavumilia kosa la 2% kwa mtiririko wa kawaida na 5% kwa mtiririko mdogo kwa dira mpya. Dira ikipitisha ndoo ya lita 20 na kuandika lita 16, hiyo ni 20% ya mapato ya mteja yule. Kumbuka tu kwamba upimaji wako ni wa ndani, wa kukupa picha. Uhakiki rasmi wa dira ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na mteja anayelalamikia dira yake ana haki ya kuutaka.

Hapa kuna jambo la kuchagua. Ukibadilisha dira zilizo mbovu zaidi, tuseme 12%, kabla ya kuwasilisha maombi, mapato yanapanda bila kupandisha bei, na ombi lako linapungua. Wapo mameneja wanaoona hii ni kujipunguzia hoja. Sisi tunaona kinyume. Mdhibiti anayeona juhudi iliyokwisha kufanyika humpa mwombaji nafasi kwenye mambo mengine yasiyo na uhakika.

Madaraja, na kosa linalorudiwa kila mwaka

Wateja wa majumbani kwa kawaida wana madaraja. Tuchukue mfano: uniti 0 hadi 5 kwa Sh 1,000, zinazofuata hadi 15 kwa Sh 1,300, zaidi ya hapo Sh 1,700. Mteja aliyetumia uniti 18 analipa 5 × 1,000, 10 × 1,300 na 3 × 1,700, jumla Sh 23,100. Kwenye makadirio ya mapato utakuta mtu amewapanga wateja kwa kundi, akamweka huyu kwenye kundi la juu na kumzidishia uniti zote 18 kwa 1,700. Anapata Sh 30,600. Tofauti ya Sh 7,500 kwa mteja mmoja ni karibu theluthi ya ankara halisi. Zidisha kwa wateja elfu kadhaa, na una mpango wa biashara unaong'aa kwenye karatasi na akaunti tupu ifikapo Machi. Kwa hiyo kabla ya kugusa bei, tengeneza jedwali la uniti ngapi zinaangukia kila daraja kwa mwezi, kwa kila aina ya mteja: majumbani, taasisi, biashara, viwanda, magati (vituo vya kuchotea maji kwa ndoo). Ukizidisha jedwali hilo kwa bei za sasa, jumla lazima ikaribie mapato ya ankara yaliyokaguliwa. Ikipishana kwa zaidi ya 2 au 3%, simama utafute sababu. Usiendelee mbele ukitumaini itajirekebisha.

Kuhusu daraja la chini, usilipange kwa mazoea. Kaya ya watu watano wanaotumia lita 30 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 150, yaani uniti 4.5 kwa mwezi. Ndiyo maana kikomo cha uniti 5 kina mantiki. Ila kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na dira moja, kaya sita zinagombea hizo uniti 5, na waliokusudiwa kulindwa ndio wanaolipa bei ya daraja la juu. Kama mji wako umejaa nyumba za namna hiyo, liseme kwenye maombi na upendekeze njia, iwe ni kuhesabu kaya au kufunga dira ndogo.

Na magati. Bei ya gati ikiwa Sh 20 kwa ndoo ya lita 20, uniti moja ina ndoo 50, kwa hiyo ni Sh 1,000 kwa uniti. Lakini sarafu ya shilingi 20 huioni mtaani. Mwenye gati anapokea 50 kwa kila ndoo na hana chenji, na mama mwenye ndoo tatu kichwani na mikononi anajikuta analipa Sh 2,500 kwa uniti, zaidi ya hoteli. Bei inayopendekezwa kwa magati ipime kwa sarafu zilizopo mfukoni mwa watu. Wakati mwingine ndoo mbili kwa Sh 50, na kibao kinachosema hivyo, kinafanya kazi kuliko bei nzuri isiyolipika.

Sasa gharama

Umeme ndio unaochunguzwa zaidi, kwa sababu una kanuni ya fizikia nyuma yake isiyobishaniwa. Kupandisha uniti moja ya maji mita 100 kunahitaji kWh 0.27 kinadharia. Kama kimo chako pamoja na msuguano wa bomba ni mita 120, ni kWh 0.33 hivi. Pampu na mota zenye ufanisi wa jumla wa 60% zitatumia kWh 0.545. Ukileta ankara za TANESCO zinazoonyesha kWh 0.8 kwa uniti, umeandika kwa mkono wako kwamba ufanisi wa pampu zako ni 41%. Kwa mamlaka inayozalisha uniti 3,000,000 kwa mwaka, na wastani wa Sh 250 kwa kWh baada ya kodi na gharama ya kilele, ile tofauti ya kWh 0.255 ni kama Sh milioni 191 kwa mwaka. Mdhibiti anaweza kabisa kukataa mteja ailipie. Angalia pia gharama ya kilele, ambayo hutozwa kwa mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kuuvuta katika mwezi: kuendesha pampu tatu kwa pamoja kwa muda, hata mara moja tu baada ya umeme kurudi, kunatosha kuiharibu ankara ya mwezi mzima. Kuziendesha kwa zamu hakugharimu kitu.

VAT inawapiga chenga wahasibu wageni. Huduma ya maji ya bomba imesamehewa VAT, kwa hiyo humtozi mteja, na kwa sababu hiyo hiyo VAT uliyolipa kwenye umeme, mabomba na dawa hairudi. Ni gharama yako, iweke ndani. Ukiacha nje, unajinyima 18% ya mistari mikubwa.

Dawa zihesabu kwa dozi, usichukue manunuzi ya mwaka jana na kuongeza 10%. Dozi ya klorini gramu 2 kwa uniti, kwa uniti 3,000,000, ni kilo 6,000 za klorini halisi. Unga wa 65% utahitaji kilo 9,230, yaani madumu 205 ya kilo 45. Kama stoo inaonyesha mlitumia 320, kuna unga uliokaa mpaka ukapoteza nguvu, au dozi inakadiriwa kwa macho, au kuna jambo lingine ambalo mkaguzi wa ndani atalipenda. Alumu, dawa ya kutuliza tope, inabadilika na tope la mto, hivyo itenge masika na kiangazi.

Mishahara: weka watumishi waliopo na wale wenye kibali cha kuajiriwa, usiweke ndoto. Matengenezo: orodhesha kazi zenyewe, mita ngapi za bomba la inchi ngapi, mtaa gani. Mstari unaosema «matengenezo ya mtandao, jumla» ndio wa kwanza kupunguzwa. Ada ya kutumia maji inayolipwa Bodi ya Maji ya Bonde husahaulika mara nyingi, iingize.

Uchakavu, yaani thamani ya mali inayopungua kila mwaka, unataka rejista ya mali iliyo hai. Kila tanki, bomba na pampu kiwe na mwaka, gharama, umri wa matumizi na chanzo cha fedha. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana, na ndicho kinacholeta mabishano, kwa kuwa mtambo uliojengwa kwa ruzuku hauwezi kudaiwa kwa mteja sawasawa na uliojengwa kwa mkopo mnaoulipa. Bomba lililofukiwa mwaka 1978 na kuachwa halina uchakavu wa kudai, hata kama bado linaonekana kwenye vitabu.

Mfano mzima

Mamlaka ya kubuni, mji wa wastani. Inazalisha uniti 3,000,000, inauza 1,920,000, upotevu 36%. Umeme Sh milioni 600, dawa 130, watumishi 800, matengenezo 450, utawala na mengineyo 420. Jumla ya uendeshaji Sh milioni 2,400. Ongeza 380 za uchakavu na mkopo, toa 92 za maunganisho mapya na mapato mengine. Mahitaji ni Sh milioni 2,688. Gawanya kwa uniti zilizouzwa: Sh 1,400 kwa uniti. Wastani wa sasa ni Sh 1,150. Kwa hiyo mamlaka inaomba ongezeko la karibu 22%.

Mchambuzi hataanza na milioni 2,688. Ataanza na 1,920,000. Atauliza: kwa nini mteja anayelipa awalipie na wale wanaoiba, na bomba linalovuja chini ya barabara? Akiweka upotevu wa 30%, uniti zinazouzwa zinakuwa 2,100,000 na bei inashuka hadi Sh 1,280, ongezeko la 11%. Akitumia 25%, ni kama Sh 1,195, chini ya 4%. Hajagusa hata shilingi moja ya gharama zako na nusu ya ombi, au zaidi, imeyeyuka. Halafu aondoe zile milioni 191 za umeme, ambazo kwenye uniti 1,920,000 zilikuwa karibu Sh 100 kwa kila uniti, na unaweza kuambiwa bei ya sasa inatosha.

Ndiyo sababu mpango wa kupunguza upotevu unatakiwa uwe sehemu nene kuliko zote kwenye maombi. Usiandike kwamba mtashuka kutoka 36 hadi 20% mwaka wa kwanza. Hakuna atakayeamini, na ikiwekwa kuwa sharti mtakuja kuhukumiwa nayo. Pointi mbili hadi tatu kwa mwaka, zikiwa na majina ya maeneo, idadi ya dira za kubadilisha, kanda zitakazofungiwa dira ya kuingilia, na fedha za kila moja, ni ahadi inayoshikika. Kipimo cha usiku kinasaidia sana kuchagua pa kuanzia: kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, kwa hiyo maji yanayoingia kwenye kanda saa hizo, ukitoa yanayojaza matanki ya wateja, mengi ni uvujaji.

Madeni ya taasisi yanahitaji neno. Kambi, magereza, hospitali na shule hulimbikiza ankara, na mamlaka hutamani kuongeza bei ili kufidia. Usijaribu kuliingiza pengo hilo kwenye bei kwa mlango wa nyuma. Mahitaji ya mapato hugawanywa kwa uniti zilizotozwa, na mdhibiti akiruhusu madeni yasiyokusanyika ataruhusu kidogo. Orodhesha madeni kwa umri, onyesha barua za kudai, onyesha mpango wa kufunga dira za malipo ya kabla kwenye taasisi hizo.

Na bei ikipanda, matumizi hushuka. Majumbani hushuka kidogo. Hoteli na viwanda wanaweza kuchimba kisima kirefu, na ukishampoteza mteja wa uniti 2,000 kwa mwezi, wateja 200 wa majumbani wa uniti 10 ndio wa kuziba nafasi yake, tena kwa bei ya chini. Kabla ya kupendekeza bei ya viwanda, waulize wateja wako kumi wakubwa, ana kwa ana, wana kisima au wanakifikiria?

Amri iliyopita

Kabla mchambuzi hajasoma utangulizi wako uliotia chumvi, atafungua amri ya bei ya mara ya mwisho na kwenda kwenye masharti. Fungisheni dira asilimia fulani. Ongezeni wateja kadhaa. Punguzeni upotevu. Nakili kila sharti kama lilivyoandikwa, na chini yake sema: limetekelezwa tarehe fulani, ushahidi kiambatisho fulani, au halijatekelezwa, sababu ni hii. Sharti lililoshindikana kwa maelezo lina tiba. Sharti lililorukwa kimya halina.

Bodi ya wakurugenzi iwe imepitisha maombi, na muhtasari wa kikao uambatishwe ukiwa umesainiwa. Ni jambo dogo lakini likikosekana hurudisha majalada. Mengine yanayorudisha majalada: hesabu za mwaka mmoja kukosekana, mpango wa biashara wenye namba tofauti na jedwali la bei, na jedwali lililowasilishwa kama picha badala ya faili lenye kanuni za hesabu ndani yake.

Taftishi

Kifungu cha 19 cha Sheria ya EWURA, Sura ya 414, kinataka taftishi, yaani uchunguzi wa wazi wa maombi, ifanyike kabla ya bei kupangwa. Tangazo litatoka, wadau watapewa muda wa kuandika maoni, na kutakuwa na mkutano wa hadhara ambako Baraza la watumiaji, EWURA CCC, nalo litasimama kuwasemea wateja. Wageni wanauchukulia mkutano huu kama sherehe. Baraza huja na wataalamu waliosoma maombi yako ukurasa kwa ukurasa, na watakuuliza mambo ya ndani kuliko bodi yako ilivyouliza.

Wananchi hawatauliza habari za uchakavu. Watauliza mgao, ankara za kukadiriwa, na upepo. «Tunalipia upepo» ni lalamiko la kweli, usilidharau. Maji yakikatwa siku tatu bomba linajaa hewa. Yanaporudi yanaisukuma hewa mbele, na hewa inazungusha dira kabla ya tone la kwanza. Ukisimama na kusema haiwezekani, umeupoteza ukumbi. Sema inatokea wapi, valvu za kutoa hewa zimefungwa wapi, ngapi bado na lini, na mteja afanye nini akiona ankara imeruka baada ya mgao.

Uwasilishaji uwe wa ankara moja. Chukua ankara ya kaya ya uniti 5, iweke ukutani, onyesha analipa ngapi leo, atalipa ngapi, na ongezeko hilo ni ndoo ngapi za gati. Halafu ya uniti 12, halafu ya duka, halafu ya shule. Weka na kipimo kinachotumika sana cha uwezo wa kulipa, kwamba maji na majitaka visizidi 5% ya kipato cha kaya, na umtumie mfanyakazi wa kipato cha chini wa mji wako mwenyewe. Mkurugenzi ndiye aongee. Mhandisi na mhasibu wakae jirani yake na majibu ya mitaa, maana mtu atasimama na kusema mtaa wetu haujapata maji tangu Novemba, na jibu la «tutalifuatilia» likitolewa mara ya tatu, zomeazomea inaanza. Kabla ya siku hiyo pitia malalamiko yote ya miezi sita na uyafunge yanayofungika.

Baada ya uamuzi

Amri hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Isome tarehe ya kuanza kabla ya kusoma bei. Asiyeridhika, iwe mamlaka au mteja, rufaa yake iko Baraza la Ushindani, na muda wake ni mfupi. Mwanasheria aisome siku ya kwanza.

Tatizo la mwezi wa kwanza ni wasoma dira. Bei mpya inaanza 1 Julai, mteja alisomewa 20 Juni na atasomewa tena 20 Julai. Akiwa ametumia uniti 12, siku 10 ni za bei ya zamani na 20 ni za bei mpya, kwa hiyo uniti 4 kwa 8, isipokuwa amri yenyewe imeelekeza vingine. Mfumo wa ankara usipopangwa mapema utazitoza zote 12 kwa bei mpya, na utatumia Agosti yote kurekebisha ankara moja moja. Jaribu na akaunti 20 za aina zote, ukiwa na kikokotoo mkononi, kabla ya kuruhusu ankara za mji mzima. Vipande vya madaraja navyo vigawanywe kwa siku hizo hizo, la sivyo mteja atapewa daraja la uniti 5 mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na hilo hakuna atakayekupigia simu kulilalamikia.